Hataza za seli shina: tuangalie sentensi ya dai na tarehe ya ombi

Mwanzisha uzi

Kila mada ya seli shina (seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) inapoibuka, mjadala huishia kwenye swali moja: je, seli ya mwili wa binadamu inaweza kumilikiwa? Nilifanya kazi maabara kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa kuandika maombi ya hataza, yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi, na kwa uzoefu wangu swali hilo hutuchosha bure, kwa sababu hakuna mkaguzi wa hataza anayeulizwa hivyo. Mkaguzi huwekewa mezani madai yaliyopewa namba, na kila dai ni sentensi moja, hata kama sentensi yenyewe inajaza nusu ukurasa. Kazi yake ni kupima kama kitu kilichotajwa katika sentensi hiyo ni uvumbuzi, kama ni kipya, kama kingemjia kwa urahisi mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo, kama maelezo yaliyoambatishwa yanamwezesha mtu mwingine kukitengeneza, na kama sheria inakikataa kwa sababu ya maadili. Majibu hutofautiana kati ya nchi na nchi kiasi kwamba seli zilezile, za maabara ileile, zimewahi kupata hataza upande mmoja wa bahari na kunyimwa upande wa pili.

Tuanze na kisa hicho. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kwamba ametenga seli shina kutoka kwenye viinitete vya binadamu, yaani mimba za siku chache. Wengi hawajui kwamba ombi la kwanza la hataza lilikuwa limeshawasilishwa Januari 1995, wakati seli alizokuwa nazo mkononi zilikuwa za kima aina ya rhesus. Madai yaliandikwa kwa neno "praimeti", na binadamu naye ni praimeti. Neno hilo moja lilibeba mengi. Ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza namba 5,843,780 mwezi Desemba 1998, kisha ya pili mwaka 2001 na ya tatu mwaka 2006, zote zikiwa mali ya taasisi ya chuo hicho inayojulikana kwa kifupi kama WARF.

Ulaya ombi hilohilo liligonga mwamba. Kanuni za Ofisi ya Hataza ya Ulaya zinakataza hataza kwa matumizi ya viinitete vya binadamu kwa malengo ya kiviwanda au kibiashara, katazo lililotokana na Maagizo ya mwaka 1998 ya Umoja wa Ulaya kuhusu uvumbuzi wa kibiolojia. Mawakili wa WARF walijitetea kwamba madai yao yanataja seli tu, wala hayamtaki mtu yeyote aharibu kiinitete. Baraza Kuu la Rufaa la ofisi hiyo, katika uamuzi G 2/06 wa tarehe 25 Novemba 2008, lilikataa kuishia kwenye maneno ya dai. Lilisema kwamba, kama siku ombi lilipowasilishwa njia pekee ya kuzipata seli hizo ililazimu kuharibu kiinitete, hataza haiwezi kutolewa, hata kama njia hiyo haikutajwa ndani ya dai, na hata kama baadaye ilipatikana njia nyingine. Tafadhali mlishike hilo la tarehe, tutalirudia.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, shukrani kwa ufafanuzi. Kuna jambo linanisumbua. Seli shina za viinitete vya panya zilitengwa mwaka 1981 na Martin Evans na Matthew Kaufman huko Cambridge, na mwaka huohuo Gail Martin akazitenga kivyake huko California. Sasa aliyekuja kufanya kazi ya namna hiyo kwa kima na kwa binadamu zaidi ya miaka kumi baadaye alivumbua nini hasa? Mimi naona alifuata njia iliyokwishakanyagwa.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ndiyo iliyotumiwa na wapinzani. Mwaka 2006 shirika moja la kutetea walaji la California, likishirikiana na Public Patent Foundation na kuungwa mkono na maelezo ya mwanasayansi Jeanne Loring, liliiomba ofisi ya Marekani izikague upya hataza zote tatu. Mwaka 2007 wakaguzi walizikataa katika uamuzi wa awali, lakini mwaka 2008 walizikubali baada ya madai kufinywa, yaani kupunguzwa upana. Utetezi ulikuwa kwamba njia iliyofaulu kwa panya wadogo haikuwa imetoa uhakika wowote kwa wanyama wengine. Utetezi huo si wa kupuuzwa: kwa panya wakubwa, ndugu wa karibu kabisa wa wale wadogo, seli halisi za aina hiyo zilikuja kupatikana mwaka 2008.

Hata hivyo hataza ya tatu ilikaguliwa kwa utaratibu tofauti ulioruhusu wapinzani kukata rufaa, na mwaka 2010 bodi ya rufaa ya ofisi hiyo iliona madai yake hayakustahili. WARF ilirekebisha madai, ofisi ikayakubali, na wapinzani walipokwenda mahakama ya rufaa mwaka 2014 walirudishwa bila hoja yao kusikilizwa, kwa kuwa hawakuonyesha madhara yaliyowapata wao wenyewe. Maoni yangu, ambayo najua wenzangu wa fani hawakubaliani nayo, ni kwamba hoja yako ilikuwa na nguvu kuliko matokeo yanavyoonyesha.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, naomba kuongeza kisa cha damu ya kitovu, kwa sababu kinajibu swali la mchangiaji wa kwanza kwa upande wa pili. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu ulifanyika Paris mwaka 1988 chini ya Eliane Gluckman, kwa mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa damu, na mtoto alipona. Hataza zikatolewa Marekani kwa damu ya kitovu iliyogandishwa kwa ajili ya kurudisha mfumo wa damu, na kampuni iliyozimiliki, PharmaStem, ikazishtaki benki za damu ya kitovu. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama lilimpa mwenye hataza ushindi. Mwaka 2007, katika kesi ya PharmaStem dhidi ya ViaCell, mahakama ya rufaa ilibatilisha yote. Wavumbuzi wenyewe walikuwa wameandika katika maelezo yao kwamba watafiti waliotangulia walikwishasema damu hiyo ina seli shina, na kugandisha seli za damu kulikuwa jambo la kawaida. Mahakama iliona kwamba majaribio yao yalithibitisha kile ambacho wengine walikwishakikisia kwa nguvu, na uthibitisho wa namna hiyo, hata uwe na manufaa makubwa kiasi gani kwa wagonjwa, hautoshi kupata hataza.

Funzo nililolipata mimi ni kwamba sehemu ya utangulizi katika ombi ni mahali pa hatari. Mtafiti huipamba kwa kueleza jinsi wengine walivyokwishakaribia jibu, kama anavyofanya katika makala ya jarida, kumbe anamwandikia mpinzani wake hoja.

Mwanzisha uzi

Hilo la utangulizi ni kweli tupu, nami nimelifutia watu aya nyingi.

Baada ya mwaka 2013 mambo nchini Marekani yaligeuka tena. Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Myriad kwamba kipande cha DNA hakigeuki kuwa uvumbuzi kwa kutenganishwa tu na mwili. Uamuzi ulihusu jeni, lakini kila aliyeandika dai lenye maneno "seli shina iliyotengwa" alijua mlango umefungwa nusu. Mei 2014 mahakama ya rufaa ikautumia msimamo huo kwa taasisi ya Roslin ya Scotland, iliyomzalisha kondoo Dolly mwaka 1996 kama nakala ya kondoo mwingine. Taasisi ilikuwa imepata hataza kwa mbinu yenyewe ya kuzalisha, ila ilitaka hataza nyingine kwa wanyama waliozaliwa kwa mbinu hiyo. Ilijitetea kwamba mnyama wa namna ya Dolly hutofautiana na mzazi wake kwa mwonekano na kwa DNA ya mitokondria. Mahakama ilijibu kwamba tofauti hizo hazikuandikwa ndani ya madai. Mnyama anayedaiwa ni nakala ya yule aliyekuwepo, basi hakuna uvumbuzi. Nawaomba wanaoandika maombi waisome tena sentensi hiyo, kwa sababu mabishano mengi ya wavumbuzi na wakaguzi ni juu ya mambo ambayo mvumbuzi anayajua kichwani na hayamo katika dai lake.

Desemba 2014 ofisi ya Marekani ilitoa mifano ya kuwaongoza wakaguzi, na mmoja unahusu seli za binadamu zinazoongoza mapigo ya moyo, zilizotengenezwa maabara kutokana na seli shina. Dai linalosema tu "seli ya mapigo ya moyo ya binadamu iliyotengenezwa na mtu" halifai, kwa kuwa seli hiyo haijatofautishwa na iliyomo mwilini. Ukiongeza kwamba inabeba alama fulani ya juu ya utando ambayo seli ya asili haina, dai linafaa. Ukiziweka seli katika chombo, dai halifai, maana chombo hakibadilishi chochote. Ukiziweka katika kiunzi cha pande tatu kinachokubaliana na mwili, linafaa. Seli ni zilezile katika sentensi zote hizo. Yanayobadilika ni maneno manne au matano.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mtu wa maabara na naomba turudi kwenye mbinu. Kwangu, sehemu kubwa ya kazi haihusu seli mpya. Inahusu namna ya kuzikuza bila zibadilike, kuzigandisha, kuziyeyusha, kuzichambua zilizo hai na zilizokufa. Je, mambo haya yanapata hataza au yanahesabiwa kuwa kazi ya kawaida ya mikono?

Mwanzisha uzi

Yanapata, tena nadhani hapa ndipo penye ardhi imara kuliko kwenye seli zenyewe. Mfano bora hauhusu seli shina, unahusu seli za ini, lakini mtu yeyote aliyewahi kushika mirija ya nitrojeni ya kimiminika atauelewa mara moja. Ilikuwa inaaminika kwamba seli za ini zikigandishwa na kuyeyushwa mara moja hupungua sana, na kuzigandisha mara ya pili ni kuzitupa. Wavumbuzi walizigandisha, wakaziyeyusha, wakazizungusha katika kimiminika chenye matabaka ya msongamano tofauti ili zilizo hai zitengane na zilizokufa, wakazikusanya zilizo hai na kuzigandisha upya. Zilipoyeyushwa mara ya pili, zaidi ya asilimia 70 zilikuwa hai bila kuhitaji kuchambuliwa tena. Kwa hiyo mtu aliweza kuchanganya seli za watu kadhaa katika akiba moja na kuitumia kidogo kidogo.

Mahakama ya chini ilisema hiyo ni sheria ya maumbile tu, kwamba seli za ini zina uwezo wa kuvumilia baridi mara mbili. Mahakama ya rufaa, katika kesi ya Rapid Litigation Management dhidi ya CellzDirect ya mwaka 2016, ilipindua uamuzi huo. Ilisema dai halidai uwezo wa seli. Linadai hatua ambazo mtu anazifuata ili kupata akiba yenye manufaa. Kila hatua peke yake ilikuwa inajulikana, lakini kuirudia hatua ya kugandisha, wakati fani nzima iliamini kufanya hivyo ni kuharibu, hakukuwa kawaida.

Mbinu za kuchambua seli nazo zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Curt Civin wa Johns Hopkins alipata kingamwili inayoshika alama ambayo leo tunaiita CD34, inayopatikana kwenye seli shina za damu, na hataza zilizotokana na kazi hiyo zilidai hadi mchanganyiko wa seli uliosafishwa. Kampuni ya CellPro ilitumia kingamwili nyingine kabisa, yenye chanzo kingine, na bado mwaka 1998 ikashindwa rufaa yake kwa kosa la kuingilia hataza. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeiomba serikali ya Marekani iingilie kati na kutoa leseni kwa lazima, kwa kuwa utafiti ule ulifadhiliwa na fedha za umma, na taasisi ya taifa ya afya ikakataa.

Mchangiaji wa nne

Pamoja na heshima zote, naona uzi huu unaukwepa moyo wa suala. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Brüstle na Greenpeace, ilisema wazi kwamba kiinitete cha binadamu hakiwezi kuwa malighafi ya biashara, na kwamba hata hataza inayodaiwa kuwa ya utafiti haina nafasi, kwa kuwa kuomba hataza kwenyewe ni kutaka matumizi ya kibiashara. Hapo hakukuwa na mchezo wa maneno ya dai. Palikuwa na msimamo wa kimaadili, na mimi nauunga mkono.

Mwanzisha uzi

Nauheshimu msimamo huo, mkuu, na sina nia ya kuupuuza. Ila tuitazame kesi hiyo kwa karibu. Oliver Brüstle wa Bonn aliwasilisha ombi lake Ujerumani mwaka 1997, kuhusu seli tangulizi za neva zinazotokana na seli shina za kiinitete, kwa ajili ya magonjwa kama Parkinson. Mahakama ya Ulaya ililipa neno "kiinitete" maana pana sana: yai lililorutubishwa, yai lisilorutubishwa ambalo limewekewa kiini cha seli iliyokomaa, na hata yai lisilorutubishwa lililochochewa kugawanyika lenyewe. Kesi iliporudi Ujerumani, mahakama ya juu ya nchi hiyo iliiacha hataza ikiwa hai mwezi Novemba 2012, baada ya kuongezwa maneno yanayoziondoa seli zilizopatikana kwa kuharibu viinitete. Kwa hiyo hata pale ambapo kanuni ilikuwa ya maadili, hatima ya hataza iliamuliwa na sentensi iliyorekebishwa.

Tarehe 18 Desemba 2014 mahakama hiyohiyo ya Ulaya iliipunguza maana yake yenyewe, katika kesi ya International Stem Cell Corporation iliyotoka Uingereza. Yai lililochochewa kwa kemikali au umeme bila mbegu ya kiume hugawanyika kwa siku chache, kisha hukwama, kwa kuwa baadhi ya jeni huhitaji nakala iliyotoka kwa baba ili kufanya kazi. Mahakama ilisema kwamba kitu kisicho na uwezo wa ndani wa kukua hadi kuwa binadamu si kiinitete kwa maana ya Maagizo, kwa masharti kwamba hakijaongezewa uwezo huo kwa uhandisi wa jeni. Baada ya hapo Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitumia njia hiyo ya kuchochea yai kupanga mstari wake: ombi lenye tarehe ya kuanzia 5 Juni 2003 linaweza kupita, kwa sababu tangu siku hiyo kulikuwa na njia iliyojulikana ya kupata seli bila kuharibu kiinitete. Ombi la nyuma ya hapo halipiti, hata kama kila neno ndani yake ni lilelile. Kuhusu maadili, ninachokubaliana nawe ni kwamba ofisi ya hataza haina budi kuyazingatia. Ninachotilia shaka ni kama kalenda ndiyo chombo kizuri cha kuyapimia.

Mchangiaji wa nne

Kalenda inapima kama mtu angeweza kulifanya jambo bila kuharibu uhai. Sioni ubaya wake. Tubaki hapo, kila mmoja na lake.

Mchangiaji wa kwanza

Na seli za Yamanaka? Si zimemaliza ugomvi wote huu?

Mwanzisha uzi

Zimemaliza ule wa viinitete. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inarudi kuwa kama seli shina ukiingiza jeni nne: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Japani ilitoa hataza ya kwanza mwaka 2008. Lakini ugomvi wa mipaka ya dai ulibaki palepale. Mwaka huohuo wa 2007 kundi la Thomson lilifanya jambo hilo kwa mchanganyiko mwingine, likiacha Klf4 na c-Myc na kutumia Nanog na Lin28. Je, aliyegundua mchanganyiko wa kwanza adai jeni nne kwa majina, familia nzima za jeni hizo, au "kipengele chochote kinachorudisha seli nyuma"? Akidai kidogo, atazungukwa na wengine. Akidai kingi, ataulizwa yako wapi majaribio. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ibatilishe madai mapana ya kingamwili katika kesi ya Amgen dhidi ya Sanofi mwaka 2023, ningemshauri mtu aogope zaidi la pili.

Mchangiaji wa tatu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tuna mchanganyiko wa virutubisho wa kukuzia seli shina za mafuta, na matokeo ni mazuri. Mwenzetu mmoja anataka kuupeleka kwenye mkutano wa kisayansi mwezi ujao, kama bango tu la ukutani, lisilo na makala. Kuna tatizo? Na je, tunaweza kudai matibabu yenyewe?

Mwanzisha uzi

Mzuieni leo. Nilipokuwa maabara tulipoteza haki yetu Ulaya kwa bango la namna hiyo. Lilikuwa na jedwali moja dogo pembeni, chini kulia, lenye viwango vya sukari na vya kiambato tulichokuwa tukijivunia. Bango lilitundikwa kwa saa tatu, na picha yake ikawekwa kwenye tovuti ya mkutano. Marekani tungekuwa na mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ulaya hakuna muda wa namna hiyo, isipokuwa kwa mazingira finyu sana kama mtu kuvujisha siri yako kwa hila. Mkaguzi aliichapisha picha ile na kuiambatisha kwenye barua yake ya kukataa. Aliukuza ule upande wa kulia.

Kuhusu matibabu, Ulaya haitoi hataza kwa njia ya kumtibu mtu, lakini inatoa kwa seli zinazokusudiwa kutumika katika tiba fulani. Japani nayo haitoi kwa tiba, ila tangu mwaka 2003 inakubali njia ya kutayarisha seli zilizotolewa mwilini, hata kama zitarudishwa kwa mtu yuleyule. Dai lenu la kwanza basi liwe mchanganyiko wenyewe pamoja na viwango, la pili njia ya kukuza kwa kuutumia, na tiba ije nyuma kwa maneno yanayofaa kila nchi. Kama mmejaribu kwa seli za mafuta peke yake, msiandike "seli shina yoyote" kabla hamjajaribu angalau za uboho na za kitovu. Na viwango viandikwe kwa namba kamili, pamoja na vile vilivyoshindwa, kwa sababu mtakapolazimika kulifinya dai, maneno ya kulifinyia yatatoka humohumo kwenye ombi, kama yalivyokuwa siku mlipoliwasilisha.